Mchikichi wa miaka 30, ahadi za mwaka mmoja

(Mazungumzo na vijana wa Kigoma na Ujiji)

NDUGU zangu vijana wa Mwanga, Gungu, Ujiji na Kibirizi, na wewe uliyeondoka Kigoma siku nyingi ukajibanza Dar es Salaam na sasa unalisoma gazeti hili kijiweni, nisikilizeni. Leo sina matusi kwa mtu. Nataka tuzungumze mafuta ya kula.

Kwanza tuiue hadithi moja. Vigogo wetu wakipanda jukwaani Kigoma wanapenda kutusimulia kwamba Wamalaysia walikuja hapa, wakachukua mbegu ya mchikichi, wakaenda kwao kutajirika. Watu wanapiga makofi na kutikisa vichwa kwa uchungu. Hadithi tamu, lakini si kweli! Shamba la kwanza la biashara la michikichi kule Malaysia lilipandwa Tennamaram, Selangor, mwaka 1917. Asili ya miche yake ni michikichi minne tu iliyopandwa bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Mwaka huo 1917 reli ya kutoka Dar ilikuwa na miaka mitatu tu tangu ifike Kigoma. Na Wanaijeria nao wanaisimulia hadithi hiyo hiyo kwao, kwamba mbegu ni yao.

Kwa nini basi hadithi hii inapendwa? Kwa sababu inamtafuta mwizi mbali. Ukishaaminishwa kwamba uliibiwa mbegu, huwezi tena kuuliza ni nani aliyekunyima mashine ya kukamulia.

Maana Wamalaysia hawakutajirika kwa mbegu peke yake. Mwaka 1956 waliunda shirika la serikali liitwalo FELDA. Mwananchi asiye na ardhi alipelekwa msituni, akapewa nyumba na shamba la kiasi cha ekari 10. Shirika hilo hilo lilimletea miche, likamjengea barabara, na kiwanda cha kukamua kikawekwa karibu na mashamba. Mwaka 1979 serikali yao ikaanzisha taasisi ya utafiti wa mawese peke yake. Sisemi FELDA ilikuwa pepo. Wakulima wake wamelia sana na madeni, maana gharama zote zilikatwa kwenye mavuno. Ninachosema ni kwamba mkulima alipokuwa na shida, alijua mlango wa kugonga. Mlango mmoja.

Sasa geuka uangalie kwetu. Mchikichi wa asili wa Kigoma ni ule unaoitwa Dura, wenye kokwa nene na nyama kidogo. Ukichavushwa na aina nyingine iitwayo Pisifera unapata Tenera, wenye kokwa nyembamba na mafuta mengi zaidi kwa kila hekta. Hiyo si siri ya Malaysia, wataalamu wetu wanaijua siku nyingi. Miaka ya 2000 ikaja kampuni ya FELISA, ikataka michikichi ya Kigoma itoe dizeli ya magari. Dizeli, ndugu zangu! Nchi inanunua mafuta ya kula nje, halafu mchikichi wetu ukatiwe kwenye tangi la gari.

Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja Kigoma kuzindua kampeni ya kulifufua zao hili. Nitamtendea haki, maana ilikuwa hatua kubwa. Hesabu za serikali za wakati ule zilisema nchi inahitaji tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka na inazalisha kiasi cha tani 205,000 tu. Kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora. Wakala wa Mbegu, halmashauri, JKT Bulombora na Gereza la Kwitanga nao wakatiwa kwenye kazi. Miche ikaanza kugawiwa bure.

Ndipo shida inapoanza. Hesabu milango nami. Mbegu iko Wizara ya Kilimo. Bwana shamba anayetakiwa kukuonyesha namna ya kupanda ameajiriwa na halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI. Mashine na viwanda vina wizara yao. Ushuru wa mafuta yanayotoka nje uko Wizara ya Fedha. Mkulima wa Simbo au Mahembe mwenye ekari mbili agonge wapi?

Tuanze na mashine. Mkungu wa chikichi ukishakatwa, asidi huanza kupanda ndani ya mafuta. Kiwanda kizuri hutaka kuukamua ndani ya saa 24, zikizidi sana 48. Kwetu vijijini mikungu hulazwa siku kadhaa ili chikichi zilegee na kupukutika, kisha vijana wanazunguka na mti wa mashine kama ng'ombe wa kulimia. Mafuta yanatoka, ndiyo, lakini yana asidi nyingi, na mnunuzi mkubwa ama anayakataa ama anayanunua kwa bei ya kutupa. Sasa mpe mkulima huyo huyo Tenera inayozaa mara dufu. Akose mashine, utakuwa umemwongezea mikungu ya kuozea uani!

Halafu kuna ushuru. Katika bajeti ya 2018/19 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya mawese kutoka asilimia 10 hadi 25, na yaliyosafishwa kutoka 25 hadi 35. Safi sana kwa mkulima. Lakini miezi michache kabla ya hapo, shehena za mafuta zilikwama bandarini Dar huku taasisi za serikali hiyo moja zikibishana kama mafuta hayo ni ghafi au si ghafi. Tena viwango vya namna hii, vinavyoachana na kile cha pamoja cha Afrika Mashariki, huombwa kwa mwaka mmoja mmoja. Kila Juni ni bahati nasibu. Mchikichi unasubiri miaka mitatu au minne kabla ya kuanza kuzaa, kisha unaendelea kuzaa miaka 25 hadi 30. Nani mwenye akili timamu atapanda mti wa miaka 30 juu ya ahadi ya miezi 12?

Mwaka 2022 tuliona gharama yake. Februari vita vya Ukraine vikakwamisha alizeti ya huko. Tarehe 28 Aprili Indonesia ikafunga mawese yake yasitoke nje, ikaja kufungua tarehe 23 Mei. Bei ya mafuta ya kula ikawaka nchi nzima. Amri iliyotolewa Jakarta ikamfikia muuza maandazi wa Mwanga, mkoa wenye michikichi kuliko mkoa wowote Tanzania.

Na katika ile miaka mitatu ya kungoja, mkulima anakula nini? Kati ya miche midogo anaweza kupanda maharage na mahindi, kabla kivuli hakijafunga. Tangu 2022 ipo mbolea ya ruzuku, lakini lazima ujiandikishe kwanza. Kama bwana shamba hajafika kijijini kwako, nani atakuandikisha?

Vijana, najua mnachonijibu: "Kilimo hakilipi, bora bodaboda." Siwalaumu. Lakini wengi wenu wazee wenu wana kipande kule Mwandiga au Ilagala, na miche ya bure ipo. Kabla hujaichukua, au kabla hujaikataa, nenda kwenye kikao cha baraza la madiwani. Vikao vya kawaida ni vya wazi, hulipi kiingilio. Mpe diwani wako maswali mapema ayaulize kwa jina la kata. Miche iliyogawiwa kata yetu ni mingapi, na iliyo hai leo ni mingapi? Itakapozaa itakamuliwa kwenye mashine gani, iko kijiji gani, ya nani? Na ikikosekana mashine, mkuu wa idara gani atajibu? Andika majibu kwenye daftari na tarehe yake, kisha urudi kikao kinachofuata.