Kuhamisha Barua Pepe ni Kuhamisha Amana

(Nasaha kwa vijana wanaotunza kompyuta za taasisi, Kizota, Dodoma)



Tunapenda kuwausia juu ya kazi ambayo wengi wenu mtakabidhiwa, ikiwa hamjakabidhiwa: kuhamisha visanduku vya barua pepe vya watumishi kutoka seva moja kwenda nyingine. Aghalabu huhesabiwa kuwa ni kazi ya kompyuta tu. Sisi twaihesabu kuwa ni kazi ya amana.

Wakazi wa Dodoma tumeshuhudia ofisi zikihama tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa inahamia hapa. Jalada la karatasi likipotea njiani, pengo lake huonekana kabatini. Barua pepe ikipotea haiachi pengo. Mwenyewe huitafuta baada ya mwaka, anapohitaji mkataba au risiti, naye asiione. Basi yampasa mhamishaji ahesabu kabla ya kuulizwa.

Mosi, jueni barua ziko wapi. Anayesoma kwa itifaki ya IMAP, barua zake hubaki kwenye seva, pamoja na folda zake na alama za zilizosomwa. Anayesoma kwa POP, mara nyingi barua huteremshwa kwenye kompyuta yake na kufutwa kwenye seva. Huyo, mkinakili seva peke yake, mtamhamishia kisanduku kitupu. Vilevile IMAP haibebi daftari la anuani wala kalenda. Hivyo vina njia yake.

Pili, fuateni mpangilio. Nakilini barua za zamani ilhali seva ya awali ingali ikifanya kazi. Fungueni visanduku vyote kwenye seva mpya. Siku mbili kabla ya kuhama, punguzeni muda ambao seva za watu hukumbuka rekodi ya MX, yaani ile inayowaelekeza watumaji mahali pa kupeleka barua. Mathalani kutoka saa 24 hadi dakika 5. Kisha badilisheni rekodi hiyo, na mnakili tena zilizoingia katikati. Seva mpya ikikosa kuitika kwa saa chache, msifadhaike: seva ya mtumaji kwa kawaida hurudia kujaribu kwa siku 4 au 5. Hatari iko pale inapoitika ilhali kisanduku hakijafunguliwa. Barua hurudishwa papo hapo, kwa jawabu kwamba anuani haipo.

Tatu, tunzeni siri. Mwenye ufunguo wa seva aweza kusoma barua za wote, wala kuweza si kuruhusiwa. Msikusanye nywila za watu katika karatasi. Mpeni kila mmoja nywila ya muda, naye aibadilishe mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo imewawajibisha wanaoshika taarifa za watu kuzilinda.

Nne, thibitisheni. Linganisheni idadi ya barua katika kila folda, huku na huko, pamoja na tarehe zake. Kisha mwenyewe aangalie na akiri kuwa amepokea. Kabla ya hapo seva ya zamani isifutwe, hata kama mkubwa wa ofisi anahimiza; mwelezeni kwa adabu kwamba kilichofutwa pasipo nakala hakirudi.