Gurudumu Lisilobeba Kitu



Ndugu wasikilizaji wapendwa, katika Injili ya Marko, sura ya 2, tunakutana na watu wanne wasiotajwa majina. Wamembeba jirani yao aliyepooza, nao wanamtafuta Yesu aliyemo katika nyumba moja mjini Kapernaumu. Nyumba imejaa, hata mlangoni hapana pa kukanyaga. Basi wale wanne wanapanda juu, wanatoboa paa, wanamteremsha mgonjwa pamoja na kitanda chake mpaka mbele ya Bwana. Mwinjili anatueleza kwamba Yesu aliiona imani yao. Imani huonekanaje? Siku ile ilionekana katika mabega yaliyochoka na mikono iliyojaa vumbi la paa.

Asubuhi ya leo tunapenda kuitafakari habari hiyo kwa njia ambayo huenda ikawashangaza baadhi yenu, yaani kwa habari za gari bovu. Tunaomba mtuvumilie.

Katika uwanja wa nyumba ya mapadre hapa Kawe, chini ya mwarobaini, palikuwa na Land Rover ya zamani, ya aina ile ndefu iitwayo Series III, iliyoachwa na mapadre waliotutangulia. Kuku walitagia kwenye kiti chake cha nyuma. Kila mwaka baraza la walei lilipendekeza liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kila mwaka hapakupatikana mtu wa kulivuta. Oktoba 2024 tulisikia habari za tamasha la Land Rover mjini Arusha, ambako magari ya namna hiyo yalikusanyika mamia kwa mamia, mengine yakiwa mazee kupita hili letu, nayo yakatembea. Tukalitazama la kwetu, tukaona haya. Tukaazimia kulifufua.

Sisi, ndugu zangu, tulikuwa tumekwisha kuvuka umri wa miaka hamsini. Seminarini tulifundishwa falsafa, teolojia na sheria za Kanisa, lakini hakuna aliyetufundisha kushika spana. Ikatubidi tutafute mwalimu. Tulimpata kijana mmoja mwenye gereji chini ya mwembe, si mbali na viwanja vya kiwanda cha zamani cha nyama cha Tanganyika Packers. Yeye ni Mwislamu, mwenye adabu nyingi na maneno machache. Alifika, akasema, "Shikamoo Padre," akalizunguka gari mara mbili, akachungulia chini yake, kisha akatoa hukumu.

"Gari hili halijafa, Padre. Limetelekezwa tu. Lakini ukitaka kulijua, vua hiyo kanzu, ulale chini."

Tukavua, tukalala chini. Ni jambo jema kwa mtu aliyezoea kusimama mimbarini kulala chali mchangani na kuelekezwa na kijana ambaye umri wake ni nusu ya umri wake mwenyewe. Siku ya kwanza tulikaza nati moja kwa nguvu zote mpaka ikakatika meno. Kijana hakutucheka. Alisema tu, "Padre, nati haikazwi kwa hasira." Tulilichukua neno hilo, tukaenda nalo hadi kwenye kiti cha maungamo.

Alitufundisha pia kutokudanganywa na sura. Land Rover za kwanza zilipoonyeshwa hadharani mwaka 1948, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma cha pua kilikuwa adimu nchini Uingereza. Ndiyo maana sehemu kubwa ya bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu, na desturi hiyo ikaendelea katika matoleo yaliyofuata. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Lakini chesisi, ule mfupa wa chini unaobeba kila kitu, ni ya chuma, na hewa ya chumvi ya pwani yetu huila taratibu kwa ndani. Bodi yetu iling'aa baada ya kuoshwa kwa sabuni. Chesisi ilipogongwa kwa nyundo ikatoboka mahali patatu. Fundi aliziba kwa kuchomelea bamba la chuma, na kazi hiyo ilichukua majuma mawili. Wapendwa, wangapi kati yetu tunaosha bodi kila Jumapili na hatujawahi kugonga chesisi?

Lakini fundisho kubwa kuliko yote lilihusu kifaa kiitwacho difu, nasi tunaomba mlisikilize kwa makini. Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Kama yangefungwa pamoja yasiachane, yangeburuzana na kulika upesi. Difu huyaruhusu yaende kila moja kwa mwendo wake. Ni ubunifu wa hekima. Barabarani hutusaidia kila siku. Lakini tukiingia topeni, hekima hiyo hugeuka kuwa udhaifu. Gurudumu moja likiteleza, mzunguko wote hukimbilia huko, kwa sababu huko hapana kizuizi; na mwenzake, aliyesimama juu ya ardhi ngumu na mwenye uwezo wa kulitoa gari, hubaki ametulia tuli. Hata ukivuta gia ya kuyaendesha magurudumu yote manne, bado huweza kuona moja la mbele na moja la nyuma yakizunguka kwa kelele na kurusha matope, huku mawili mengine yamesimama kama wageni arusini.

Tulimwuliza fundi, "Sasa dawa yake nini?"

Akajibu, "Kwanza ondoa mguu kwenye mafuta, maana ukizidi kukanyaga unajichimbia kaburi. Kisha tia gia kubwa ya nguvu, tia mafuta kidogo kidogo, na hapo hapo kanyaga breki kidogo. Lile linalozunguka bure likizuiliwa, lile lenye kazi hupata nguvu."

Kwa miezi kadhaa tulijifunza. Jioni tulipeleka gari mahali penye mchanga, tukapunguza upepo wa matairi kutoka 30 hadi karibu 18 ili yatandike na kushika, tukakwama, tukachimba, tukajikwamua, tukajaza upepo tena. Tunakiri kwamba tulifurahi kama watoto. Tukaanza kununua vipuri. Tukaanza kulipaka rangi. Tukaanza kusali Masifu ya Jioni kwa haraka, ili tuwahi kabla jua halijazama.

Na hapa ndipo tunapofikia jambo linalotuuma.

Mwezi Machi 2025, alasiri ya jua kali, alikuja kijana anayeendesha bodaboda mtaa wa Ukwamani, jina ambalo masikioni mwetu halikosi kulikumbusha neno kukwama. Bibi yake, aliyewahi kusali parokiani kwetu, alikuwa akiishi Mabwepande, miongoni mwa familia zilizohamishiwa huko baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011. Bibi huyo alikuwa na ugonjwa wa kisukari na kidonda mguuni. Pikipiki hawezi kuipanda. Alitaka kuungama kwa padre anayemfahamu, kisha, kama ingewezekana, apelekwe hospitali kwa gari letu, ambalo sifa zake zilikuwa zimekwisha kuenea.

Sisi tulikuwa chini ya gari hilo hilo. Mikono yetu ilikuwa imejaa grisi, na bolti moja ilikuwa karibu kuachia. Hatukutoka hata kumtazama usoni. Tulisema, "Mwanangu, njoo juma lijalo, tutakuwa tumemaliza." Akasema, "Sawa, Padre." Tukaona viatu vyake vikiondoka.

Juma lililofuata hakuja, wala sisi hatukumtafuta. Mvua za masika zilianza. Siku ya kumi na tano simu ililia saa mbili usiku: bibi amezidiwa. Tukachukua mafuta matakatifu, tukampa taarifa paroko wa huko, tukaondoka. Tukapita Tegeta hadi Bunju, tukaacha lami. Mwanzoni gari lilikwenda vizuri, nasi, Mungu atusamehe, tukajisifu moyoni. Kisha tukaingia mahali palipolainika. Hofu ikatufanya tusahau kila tulichofundishwa. Tulikanyaga mafuta kwa hasira. Magurudumu yakaunguruma, matope yakaruka juu ya paa, na kwa muda usiozidi dakika mbili gari likawa limekalia tumbo. Gari letu zuri, lililopakwa rangi, halikuweza kwenda mbele wala nyuma.

Tulibaki gizani, mvua ikinyesha. Ndipo tukaona tochi ikija. Vijana wanne walikuwa wamembeba bibi juu ya mlango wa nyumba yake walioung'oa bawabani, wamemfunika turubai. Mmoja alikuwa yule mjukuu. Watatu ni wenzake wa bodaboda. Wawili kati yao si Wakristo. Walikuwa wamesikia muungurumo wetu kwa mbali, wakaelewa.

Waliuweka mlango juu ya boneti, wakasogea kando. Pale pale, mvuani, tuliyapokea maungamo ya bibi yule na kumpa Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Kisha wakajitwisha tena, wakatembea naye hadi kwenye barabara nzuri, wakapata gari la kumfikisha hospitali. Sisi tulitembea nyuma yao tumeshika tochi.

Bibi alipona, lakini mguu ulikatwa chini ya goti. Daktari, ambaye hakujua habari za ile alasiri, alituambia kwa upole kwamba kidonda cha namna ile kikiwahiwa majuma mawili kabla, mara nyingi mguu huokolewa. Tulipotoka wodini, mjukuu alisema neno moja tu, wala hakulisema kwa chuki: "Padre, siku ile niliyokuja, njia ilikuwa kavu."

Ndugu zangu, neno hilo tumeishi nalo tangu siku ile.

Mwaka 1927 padre Mjerumani, Paul Schulte, alianzisha chama cha MIVA ili kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri. Kilichomsukuma ni kifo cha rafiki yake, padre mwenzake, aliyeugua katika nchi ambayo leo ni Namibia na kukosa chombo cha kumfikisha kwa matabibu kwa wakati. Tangu mwanzo, basi, gari la misheni lina sababu moja: mgonjwa aliye mbali. Sisi gari tulikuwa nalo. Njia ilikuwa kavu. Kilichokosekana hakikuwa chombo. Nguvu zetu zilikuwa zimekimbilia kwenye gurudumu lisilobeba kitu.

Hiyo ndiyo difu iliyomo ndani ya kila mmoja wetu. Nguvu za mwanadamu hukimbilia pasipo na kizuizi. Baba ana ari ya kuzungumzia mpira hadi usiku wa manane, na mwanawe anayetaka kuzungumza naye amesimama mlangoni. Kamati ya harusi hukutana mara kumi na kuchangisha mamilioni; jumuiya hiyo hiyo ndogo ndogo haina nauli ya kumpeleka mjane kliniki. Nasi mapadre tunaweza kujenga mnara, kununua vinanda na kupaka rangi, huku viatu vya mtu vinaondoka. Kelele zipo. Matope yanaruka. Mtazamaji wa mbali hudhani kuna kazi kubwa. Lakini gari halisogei.

Tazameni sasa wale wanne wa Kapernaumu. Kitanda kina pembe nne. Mmoja akiteleza, mgonjwa huanguka. Hakuna aliyekuwa na pembe ya kuonyeshea tu. Kila mmoja alibeba uzito, na kwa kuwa alibeba uzito, nguvu zake zilikuwa na maana.

Siku chache zijazo tutapakwa majivu, na Kwaresima itaanza. Watu hutuuliza mfungo una faida gani. Tunawajibu kwa maneno ya fundi wetu wa Kawe: kanyaga breki kidogo. Hatufungi ili gari lisimame. Tunalizuia lile linalozunguka bure, ili lile lenye mzigo lipate nguvu. Chukua saa moja uliyokuwa ukiipoteza, umpe mgonjwa. Chukua fedha ya anasa moja, iwe nauli ya mtu. Na ikiwa mtu amesimama mbele yako leo, njia ingali kavu, toka chini ya gari, umtazame usoni.

Yule bibi tulikwenda kumwomba msamaha. Tulipoanza kulia, alitushika mkono akasema, "Nyamaza, Padre. Mguu umetangulia, mimi nitaufuata Mungu akipenda." Kisha akauliza kama gari limetoka topeni. Limetoka. Tangu siku ile ufunguo wake haukai tena chumbani mwetu. Umetundikwa ofisini, na mjukuu wa bibi ni mmoja wa madereva. Kila Alhamisi linazunguka kwa wagonjwa. Rangi ya ubavu wa kushoto haijamalizika, nasi tumeiacha hivyo hivyo.

Bwana atujalie mabega ya wale wanne. Na Baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, iwashukieni na kukaa nanyi daima. Amina.