MAZUNGUMZO YA KATIBU WA TAWI KWA WANACHAMA: PAMPU YA MAJITAKA, HESABU YETU NA HESABU YA MJI

Ndugu wanachama, kwa walioshindwa kufika barazani Chake Chake kwa ajili ya mvua, haya ndiyo tuliyoyazungumza.

Kabla hatujamnyooshea kidole mtu, tuanze na sisi. Masika yaliyopita, karo za bondeni zilipofurika mpaka milangoni, mlichanga Sh. 560,000. Tulinunua pampu kwa Sh. 480,000 na mpira kwa Sh. 45,000. Zikabaki Sh. 35,000, ziko kwa mshika fedha. Pampu iliungua wiki ya tatu.

Dukani tuliuliza swali moja tu: ipi rahisi? Tukapewa pampu ya maji safi. Majitaka yana matambara, nywele, mchanga na pampasi. Vikajikunja kwenye impela, mota ikalazimisha kuzunguka, koili ikaungua. Haikuwa na swichi ya boya ya kuizima maji yakiisha, wala kinga ya kuikata fezi ikipungua. Risiti haina dhamana. Wazee walisema rahisi huvunja upishi, na sisi tumeuvunja.

Kwa hivyo sisi wanne tuliokwenda dukani tumekubaliana kurejesha Sh. 120,000 kila mmoja. Hatufanyi hivi kwa kujionesha. Tutakwendaje kudai hesabu za Baraza la Mji na yetu hatujaifunga?

Sasa tuje kwenye mji. Pemba ni ya vilima na mabonde. Aliye juu majitaka yake huteremka yenyewe, aliye chini anahitaji pampu au gari la kunyonya, na gari hilo nalo roho yake ni pampu. Pampu ikifa, karo hufurikia kwenye mtaro, mtaro kwenye kisima, na kipindupindu hakiulizi kadi ya chama.

Ndugu zetu, bei ya kununulia ni sehemu ndogo ya gharama. Tufanye mfano. Tuseme pampu ya kilowati 3 inauzwa Sh. 3,000,000, inafanya kazi saa 6 kwa siku, na uniti ya umeme ni Sh. 250. Kwa mwaka itakula uniti 6,570, yaani Sh. 1,642,500. Kwa miaka 5 umeme peke yake ni zaidi ya Sh. 8,200,000. Ikiwepo nyengine ya Sh. 4,000,000 inayokula umeme pungufu kwa asilimia 20, inaokoa Sh. 328,500 kila mwaka. Milioni iliyozidi inarudi kwa miaka mitatu na kidogo. Anayetazama bei ya mwanzo tu atachagua ile ya kwanza, na mji utalipa.

Zanzibar ina sheria ya ununuzi wa umma, Namba 11 ya 2016, iliyoanzisha Mamlaka ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma. Lakini sheria haiandiki mahitaji. Karatasi ya zabuni ikisema "pampu moja" na kunyamaza, mzabuni ataleta pampu moja, na hajakosea. Mwenye kuandika ndiye anayenunua.

Tena umeme wetu unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010. Umeme ukikatika, choo hakisimami. Kituo cha pampu bila ya jenereta na pampu ya pili ya akiba ni bahati nasibu.

Kwa hayo, Tawi linamwomba Diwani wetu apeleke maombi matatu kabla bajeti haijapitishwa:

1. Daftari la kila pampu ya majitaka na kila gari la kunyonya: ilinunuliwa lini, kwa kiasi gani, imefanyiwa matengenezo lini.

2. Zabuni zitaje aina ya maji, spea zitakazoletwa pamoja na pampu, dhamana, mafunzo ya fundi wa hapa hapa, na gharama ya umeme kwa miaka 5.

3. Kifungu cha matengenezo kiwe peke yake kwenye bajeti, kisihamishiwe mafuta wala posho.

Na la nne ni letu. Pampasi, matambara na mifuko visiingie chooni wala mtaroni. Hakuna pampu ya bei yoyote itakayotushinda sisi tukiamua kuiua.

Risiti zote ziko kwa mshika fedha, kila mwanachama ana haki ya kuziona. Pampu mpya hatutanunua mpaka fundi aone shimo kwanza, na bei tatu zisomwe mbele yenu.

Mfikishieni na asiye na simu.

Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati