Kombe Si Hesabu: Kumpima Kiongozi wa Michezo katika Vyuo vya Isiolo

Mkuu wa michezo chuoni kwa kawaida hupimwa kwa makombe yaliyopangwa kabatini, ofisini mwa mkuu wa chuo. Makala haya yanashikilia kwamba kipimo hicho kinapotosha, kwa sababu mwanariadha anaweza kushinda licha ya uongozi mbovu. Tazameni Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Kenya ilirudi na medali 13, sita zikiwa za dhahabu, na ikaongoza Afrika nzima. Mwezi huohuo wa michezo maafisa wa kamati ya Olimpiki ya Kenya walikamatwa kuhusu sare za timu zilizopotea, na serikali ilitangaza kuivunja kamati yenyewe. Anayesoma jedwali la medali peke yake angeuhesabu msimu huo kuwa wa uongozi bora.

Basi uongozi uko wapi? Hapa Isiolo uko katika kazi zisizopigiwa makofi. Kuna jua la mchana, linalotaka mazoezi yafanywe alfajiri au jioni. Kuna Ramadhani, inayotaka ratiba ipangwe upya mapema badala ya mwanafunzi anayefunga kuachwa achague kati ya timu na saumu yake. Kuna msichana anayetaka kukimbia akiwa amejistiri, na anayehitaji mahali pa kubadilishia nguo kabla ya kuhubiriwa kuhusu usawa. Kuna barabara ndefu za Merti na Oldonyiro, na swali la basi litarudi saa ngapi. Zaidi ya yote kuna uteuzi wa timu. Chuo chenye Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali na Wameru hakiwezi kuteua wakimbiaji kwa mnong'ono. Saa ya kupimia mbio haina kabila, ila anayeishika analo. Ndiyo maana muda wa kila mkimbiaji ubandikwe ubaoni siku hiyohiyo, mbele ya macho ya wote.

Nitaambiwa kwamba makombe ndiyo yanayovuta wafadhili na kuwafungulia vijana vyuo vya ng'ambo. Ni kweli kwamba milango hiyo ipo. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972, alipitia vyuo vya Marekani hadi shahada ya uzamivu, akafundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta na kuwa Kamishna wa Michezo. Lakini Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State mwaka 1978, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81, kisha akaandamwa kwa miaka mingi na pombe na ukosefu wa makazi. Sisemi chuo chake ndicho kilichomwangusha. Nasema kwamba rekodi zile nne, kwa uzito wake wote, hazikuweza kumwonyesha yeyote kama kijana yule alikuwa tayari kwa maisha ya baada ya mbio. Medali ya Boit nayo haikuweza.

Pingamizi la pili ni fedha, nalo nalikubali nusu. Tangu 2025 chuo kikuu cha Marekani kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Tukijilinganisha nao tutafunga virago. Basi la timu ni ghali, na daktari wa wachezaji pia, na hapo vyuo vya mji mmoja havina budi kuchangiana. Daftari la kuweka kumbukumbu za wanafunzi, hata hivyo, halina bei ya kututisha. Ripoti ya mwaka ya idara ya michezo ianze na safu tatu: wanafunzi wangapi waliingia timuni, wake kwa waume, wangapi waliumia na wakatibiwa, wangapi wamemaliza kozi zao. Ada ya michezo waliyolipa ifuate, pamoja na ilivyotumika. Makombe yaandikwe ukurasa wa mwisho, kama nafasi itabaki.