Kosa la Karatasi Lisimwangukie Mama
Hotuba kwa wanachama wa Karagwe na Kyerwa



Leo twataka kusema juu ya talaka, jambo ambalo watu hupenda kulinong'ona kuliko kulisema mkutanoni. Tusidhaniwe kwamba tumekuja kuvunja nyumba za watu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, mtu hawezi kufungua shauri la talaka kabla ugomvi haujafikishwa mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo likatoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Hati hiyo isizidi miezi 6. Shabaha ni njema. Wazee wetu nao walikuwa wakiketi kuwasikiliza mume na mke, wala hatutaki desturi hiyo ife.

Lakini angalieni linalotokea. Baraza huketi, husikiliza, kisha mwandishi huandika barua tu kwamba wawili hawa walifika. Hasemi kuwa usuluhishi umeshindikana. Mama aichukua barua ile, aenda Mahakama ya Mwanzo, apewa talaka na mgawo wa mali. Mume akata rufani, na huko juu yaonekana kuwa hati si hati. Yote yafutwa, aanze upya. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba shauri lisilo na hati sahihi limeletwa kabla ya wakati wake. Hatuwalaumu mahakimu; wafuata sheria ilivyoandikwa. Twauliza tu: aliyekosea ni mwandishi wa baraza, mbona anayelipa ni mama?

Na kwetu malipo hayo ni mazito. Mali yetu ni kibanja, migomba na mibuni. Mke apalilia, achuma kahawa, aianika. Mara nyingi fedha zatoka kwa jina la mume. Tangu shauri la Bi. Hawa Mohamed la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani imekubali kwamba hata kazi ya nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini mchango huo haugawanywi mpaka itoke amri ya talaka au ya kutengana. Msimu wa kahawa wapita, na mwingine wapita, naye yuko kwa kaka yake akingoja.

Kwa hiyo twataka sheria imruhusu hakimu kuirudisha hati yenye kasoro barazani ikatengenezwe, shauri likingoja, badala ya kulifuta. Na baraza likichelewa kuketi, hakimu awasuluhishe mwenyewe. Ati hii ni kuifanya talaka iwe rahisi kama kununua chumvi? Hata kidogo! Bado itapasa kuthibitisha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka, kwa ukatili, ugoni, kutelekezwa na mengineyo yaliyomo katika sheria.

Mpaka hapo, yeyote atokaye barazani asiondoke kabla hajasomewa hati yake. Je, imeandikwa kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha? Ina tarehe? Ina sahihi ya mwenyekiti? Kama haina, arudi ndani siku hiyo hiyo, mwenyekiti angali pale.