Adui Aliyeanguka Mikononi Mwa Raia

Msikilizaji, tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilipokombolewa, wakazi waliwapokea askari wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda kwa vigelegele. Askari wa Libya, waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Idi Amin, hawakupata mapokezi hayo. Raia waliwafichua mafichoni, wengine wakawashambulia wenyewe.

Hasira ya miaka minane ya mateso chini ya Amin inaeleweka. Lakini kumuua mtu asiyeweza tena kupigana hakukubaliki. Itifaki ya Geneva ya 1977, ya sheria za vita, inamlinda hata rubani anayejiokoa kwa parachuti: akifika ardhini, apewe nafasi ya kujisalimisha.

Uganda iliridhia itifaki hiyo mwaka 1991. Isiishie katika kambi za jeshi, ifundishwe shuleni na vijijini, kwani mara nyingi raia ndiye anayemfikia kwanza aliyeanguka.