Kiongozi Mwema Hujulikana kwa Nini?



Wengi hudhani ya kuwa kiongozi mwema hujulikana kwa ufasaha wake, au kwa wingi wa watu wamfuatao. Sisi twasema yapo mambo matatu ya kumpima: kwamba hujitwika mzigo awatwikao wengine, kwamba husikiliza, na kwamba ajua kuondoka katika kiti chake.

Natumtazame mtu ambaye sote twamjua, Mwalimu Julius Nyerere. Nchi yetu ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, naye ndiye Waziri Mkuu. Hazijatimia wiki saba akajiuzulu, akamwachia Rashidi Kawawa kazi ile, ili yeye apate kukijenga chama kati ya watu. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu walikataa masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakanung'unikia mishahara ya wakubwa. Aliwafukuza warudi makwao; lakini siku zile zile akapunguza mshahara wake mwenyewe sehemu moja katika tano. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likawakataza viongozi kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Tena mwaka 1985 aliuacha urais kwa hiari yake, akakaa kwao Butiama akilima.

Hayo ni ya kusifiwa. Walakini tusimfanye mwanadamu kuwa malaika, maana Ugogo wetu una kumbukumbu nyingine. Mwaka 1968 Mwalimu alifundisha kwamba watu wasilazimishwe kuingia katika vijiji vya ujamaa. Lakini mwaka 1973 ikatoka amri kwamba kufika mwisho wa 1976 watu wote wa mashamba wawe wanakaa vijijini. Hapa Dodoma uhamisho ulikuwa umekwisha kuanza kabla ya hapo. Wagogo, watu wa ng'ombe, waliojenga tembe zao mbalimbali ili mifugo ipate malisho, waliambiwa wakae pamoja. Nia ilikuwa njema, yaani shule, maji na dawa viwe karibu. Lakini pengine watu walitolewa kwa nguvu, wakayaacha mashamba waliyoyazoea. Wasimamizi wengi walifanya haraka kuhesabu vijiji, wala hawakuwauliza wazee maji yako wapi na ardhi ipi yafaa kwa uwele. Hivyo twaona ya kuwa hata kiongozi asiyejitajirisha aweza kuwaumiza watu, ikiwa neno lao halimfikii.

Basi, sisi tulio wazee wa kanisa, waalimu wakuu, viongozi wa kwaya na watunza sanduku wa vyama vya akiba, tusiseme mambo haya ni ya wakubwa tu. Cheo kidogo nacho ni amana. Mwalimu awaamuruye watoto kuwahi, yeye mwenyewe na atangulie kufika. Mwenye kutunza sanduku na asome hesabu mbele ya wote kabla hajaombwa. Mwenyekiti na awape nafasi ya kwanza ya kusema wale wasiokubaliana naye. Kila mmoja na amfundishe mtu wa kushika kazi yake, ili siku ya kuondoka kazi isife.

Kiti si urithi wa mtu. Tukikumbuka hivyo tungali tumekikalia, watakaotufuata watakikuta safi.